Mota inazunguka kasi kuliko zamani lakini haina nguvu: joto limefanya nini kwenye sumaku?

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Mbeya, siku hizi nashika na za umeme. Mteja wangu alipanda mlima na magunia mawili ya viazi, mota ya gurudumu ikapata moto mpaka ikatoa harufu, ikazima. Ilipopoa ikawaka. Tangu siku hiyo nikiiweka stendi gurudumu linazunguka kasi kuliko zamani: betri ikiwa imejaa ilikuwa inasoma kilomita 72 kwa saa, sasa inasoma 83. Lakini ikipakia haina nguvu, mota inachemka haraka na betri inaisha kabla ya wakati. Nimebadilisha kontrola (kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota), hali ni ileile. Mwenzangu anasema sumaku zimekufa kwa joto. Mimi nimesoma kwamba sumaku hizi hufa kwenye nyuzi 312, na mota ingefika huko ingeungua yote. Halafu kama ni joto, mbona zimepoa na nguvu haijarudi?"

Jibu:

Marahaba, fundi. Mwenzako yuko sahihi, na wewe pia hujakosea kuhusu 312. Sumaku zako hazikufika huko hata kwa mbali. Zilijeruhiwa chini sana ya hapo, na namna zilivyojeruhiwa ndiyo inayojibu swali lako la mwisho, ambalo ndilo zuri kuliko yote.

Tuanze na hizo 72 na 83, kwa sababu umeshapima bila kujua kwamba umepima. Gurudumu likizunguka, sumaku zinapita mbele ya nyaya za shaba na kuzalisha umeme unaosukuma kinyume na umeme wa betri. Bila mzigo, gurudumu huongeza kasi mpaka umeme huo wa kinyume ukaribie kulingana na wa betri, na hapo kasi inagota. Sumaku ikidhoofika, gurudumu linalazimika kuzunguka zaidi ili kufikisha umeme uleule. Ndiyo maana mota iliyoumia inaonekana ina mbio ikiwa stendi. Gawa 72 kwa 83, unapata 0.87. Kwa makadirio, sumaku zimebaki na asilimia 87 ya nguvu zake za zamani.

Sasa geuza hesabu. Nguvu ya kusokota gurudumu inatokana na nguvu ya sumaku kuzidishwa kwa mkondo wa umeme. Sumaku ikipungua hadi 0.87, mkondo lazima upande kwa asilimia 15 ili kupanda mlima uleule na mzigo uleule. Joto kwenye shaba nalo huenda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo linaongezeka kwa kama asilimia 33. Hapo una dalili zako zote tatu: haina nguvu, inachemka, inakula betri. Kontrola haikuwa na kosa.

Lakini kabla hujamwambia mteja atoe hela, hakikisha. Sensa zinazosoma sumaku ziko wapi zikihama kidogo mahali pake, au kontrola ikiwa imepangwa vibaya, gurudumu linaweza pia kuzunguka kasi kupita kiasi na kula umeme. Kipimo kinachotenganisha mambo haya hakihitaji kontrola kabisa. Chomoa zile nyaya tatu nene za mota, zisigusane. Weka pikipiki stendi, halafu lete pikipiki nyingine na ugusishe tairi lake linaloendeshwa kwenye tairi la hii, ili lilizungushe kwa kasi moja isiyobadilika. Funga mikono ya shati na uwe na mtu wa kushikilia. Mita ikiwa kwenye volti za AC, pima kati ya nyaya mbili mbili, jozi zote tatu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa pikipiki nzima ya aina ileile, tairi la ukubwa uleule, kasi ileile, zote mbili zikiwa zimepoa. Nzima ikikupa volti 20, tegemea ya mteja wako ikupe kama 17.4 kwenye jozi zote tatu. Jozi moja ikikataa kufanana na wenzake, basi ugonjwa uko kwenye nyaya, sumaku usizisingizie.

Sasa tuingie ndani ya sumaku yenyewe.

Sumaku zilizobandikwa kwenye gamba la mota yako ni aloi ya neodimiamu, chuma na boroni. Kipimo chake cha msingi ni atomu 2 za neodimiamu, 14 za chuma na 1 ya boroni. Watu husema "sumaku ya neodimiamu" na kusahau kwamba nguvu nyingi ya mvuto inatoka kwenye chuma. Kwa kweli metali adimu, yaani neodimiamu na ndugu zake, zikiwa peke yake ni sumaku duni kwenye joto tunaloishi. Disprosiamu inakuwa sumaku kama ya chuma ikishapoa chini ya nyuzi 185 hivi chini ya sifuri. Neodimiamu tupu inahitaji baridi kali zaidi ya hapo ili atomu zake zijipange, na hata hapo mpangilio wake si ule wa kuvuta msumari. Iliyo karibu nasi ni gadoliniamu, ambayo mpaka wake uko kwenye nyuzi 20 hivi. Kipande cha gadoliniamu hapo kwenu Mbeya asubuhi ya mwezi wa Juni kingenasa vizuri kwenye sumaku. Kipeleke Dar es Salaam saa saba mchana, kitaanguka. Chuma kinadumu mpaka nyuzi 770. Ukiviunganisha, aloi inapata mpaka wake katikati, na ndiyo hiyo 312 uliyoisoma. Mpaka huo unaitwa joto la Curie, kwa jina la Pierre Curie, Mfaransa aliyechunguza tabia hii ya metali kwenye joto mwaka 1895.

Basi neodimiamu imewekwa ya nini, kama chuma ndicho chenye nguvu? Imewekwa kwa sababu ya mwelekeo. Chukulia umati mkubwa uwanjani, watu wamesimama wote wanatazama upande mmoja. Chuma ni ule umati. Ni wengi, na wanashikamana, lakini wao wenyewe hawajali sana wanatazama wapi. Ukiwasukuma wote kwa pamoja watageuka. Neodimiamu ni wachache waliopandwa katikati yao, wenye miguu iliyochimbiwa ardhini, wanaokataa kugeuka. Siri iko kwenye umbo la wingu la elektroni zake za ndani, ambalo halina uduara kamili, kwa hiyo linakaa vizuri kwa upande mmoja tu wa fuwele. Hao wachache ndio wanaoufanya umati usimame imara.

Kwa hiyo sumaku ina sifa mbili, na fundi akizichanganya atapata hasara. Ya kwanza ni nguvu, yaani usumaku wenyewe, kiasi gani inavuta. Ya pili nitaiita ushupavu, yaani kiasi gani inakataa kugeuzwa na sumaku nyingine inayoisukuma kinyume. Joto linazipunguza zote mbili, lakini kwa mwendo tofauti kabisa. Nguvu ya aloi hii hupungua kwa karibu asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja. Kutoka nyuzi 20 hadi 120 unapoteza kama asilimia 12, jambo la kuvumilika. Ushupavu unapungua kwa karibu asilimia 0.6 kwa kila nyuzi, yaani mara tano zaidi. Katika safari hiyohiyo ya nyuzi 100, zaidi ya nusu ya ushupavu imekwenda. Umati bado umesimama na kutazama upande wake, lakini wale wenye miguu iliyochimbiwa wameanza kulegea, kwa sababu mtikisiko wa joto unaisumbua neodimiamu mapema kuliko chuma.

Nikupe tarakimu, uone mwenyewe. Sumaku ya daraja la kawaida, tuseme N40 isiyo na herufi baada ya namba, inatoka kiwandani na ushupavu wa angalau kiloampea 955 kwa mita. Ikifika nyuzi 120 inabaki na kama 380. Ndani ya mota, kuwepo tu mbele ya pengo la hewa lililo kati yake na koili (zile nyaya za shaba zilizozungushwa) tayari kunaila sehemu kubwa ya hiyo 380, kwa sababu kila sumaku hujisukuma yenyewe kinyume kwa kiasi fulani. Kinachobaki ndicho akiba ya kupambana na mkondo. Na mteja wako wakati huo anafanya nini? Yuko mlimani na magunia mawili, eksileta imevutwa hadi mwisho, gurudumu linakwenda polepole, koili zimejaa mkondo mkubwa kuliko wakati wowote, na kila koili kwa zamu inasukuma dhidi ya sumaku iliyo mbele yake. Joto la juu kabisa na msukumo wa juu kabisa vimekuja wakati mmoja. Hiyo harufu uliyoisikia ni ya vanishi ya nyaya. Nyaya huenda zilipita nyuzi 150. Sumaku ziko kwenye gamba la nje linalopigwa na upepo, kwa hiyo zenyewe huwa baridi kuliko shaba, lakini kwa mwendo wa polepole mlimani upepo wenyewe uko wapi? Nyuzi 120 zingetosha kabisa kufanya ulichokiona.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, kuna jaribio ambalo huwa nawafanyisha wanafunzi kwa sufuria na jiko. Tafuta sumaku ndogo sita za duara, za unene wa milimita 2 hivi, zile za bei rahisi. Pima kwa mizani ya kuning'iniza kila moja inang'oka kwenye bati nene kwa uzito gani, andika. Moja iache peke yake. Tano zibandike ziwe rundo moja. Tumbukiza zote kwenye maji yanayochemka, robo saa, kisha ziache zipoe taratibu. (Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini yanatosha.) Ile ya peke yake hurudi imepungua, na mizani inaonyesha. Zile za katikati ya rundo hurudi karibu kama zilivyokuwa. Joto ni lilelile, sufuria ni ileile. Tofauti ni kwamba sumaku nyembamba iliyo peke yake inajisukuma kinyume sana, na ndani ya rundo jirani wanaishikilia. Ndiyo maana swali "sumaku hii inavumilia nyuzi ngapi" halina jibu moja. Inategemea joto likija, nani anaisukuma.

Sasa lile swali lako: mbona zimepoa na nguvu haijarudi?

Hasara za joto ni za aina tatu. Ya kwanza inarudi yenyewe. Ile asilimia 12 niliyoitaja hurudi yote sumaku ikipoa, na kila pikipiki ya umeme huipoteza na kuirudisha kila siku bila mtu kujua. Ya tatu hairudi kabisa: sumaku imeoza kwa kutu, au imepata moto mkali mpaka muundo wake wa ndani umebadilika. Yako ni ya pili, iliyo katikati.

Sumaku hii imetengenezwa kwa unga uliobanwa na kuchomwa, kwa hiyo ndani yake ni chembe ndogo mno za fuwele, nyingi zikiwa na upana wa maikromita chache. Kila chembe inajitegemea kwa kiasi fulani. Pale mlimani, zile chembe dhaifu, hasa za kwenye pembe za sumaku zinazoelekea koili, zilishindwa na msukumo, zikageuka nyuma. Hazikufa. Kila moja bado ina usumaku wake wote, ila sasa unatazama upande usiotakiwa na unapunguza wa wenzake. Mota ilipopoa, ushupavu ukarudi wote, kama ulivyotarajia. Lakini ulirudi kwenye chembe zilizokwisha kugeuka, na sasa unalinda ule upande mpya kwa nguvu ileile ambayo ungelinda wa zamani. Kupoa ndiko kulikofunga mlango.

Ndiyo maana kusubiri hakusaidii, na kuisugua kwa sumaku nyingine hakusaidii. Kinachoweza kuzigeuza tena chembe zote ni msukumo wa tesla 2 hadi 3 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku), na kiwandani hufanywa kwa mashine inayojaza kapasita kubwa na kuzimwaga mara moja kwenye koili. Mashine ya kuchomelea haifiki huko, usiharibu muda wala vidole.

Una njia mbili. Ya kubadilisha gamba zima la nje lenye sumaku zake, au mota nzima, ndiyo ninayoipendekeza kama vipuri vinapatikana. Ya kubandua sumaku moja moja na kubandika mpya inawezekana, nimeshaifanya, lakini ina mitego. Chora alama ya kila nafasi kabla hujabandua, na hakikisha pande zinapishana, kaskazini, kusini, kaskazini, mzunguko mzima. Moja tu ikikaa kinyume, mota itatetemeka na kunguruma. Usizisage zikikataa kuingia, kwa maana vumbi lake linawaka moto, na ukishaondoa ganda la nikeli kutu inaanza. Gundi iwe epoksi ya kuvumilia joto la nyuzi 150 au zaidi.

Mtego mkubwa uko dukani. Muuzaji atakwambia anayo N52, kali kuliko zote. Ni kweli inavuta kuliko zote. Lakini ile namba inasema nguvu tu, na ushupavu unasemwa na herufi zinazofuata. Isiyo na herufi inahesabiwa kwa nyuzi 80, M ni 100, H ni 120, SH ni 150, UH ni 180. Kwa mota ya kupanda milima ya kwenu, mimi ningechukua 38SH na kuiacha N52 hapohapo kaunta. SH inaanza na ushupavu wa kama 1,590, na ikifika nyuzi 120 bado inabaki na zaidi ya 600. Kwa jicho huwezi kutofautisha SH na isiyo na herufi, zote ni vipande vya rangi ya fedha vinavyong'aa. Dai karatasi ya kiwanda. Ukipata kipande cha ziada, kifanyie jaribio la sufuria, safari hii kwa mafuta ya kupikia na kipimajoto, nyuzi 120, ukiwa mwangalifu.

Na utaona SH ni ghali. Ughali unatokana na disprosiamu au terbiamu iliyowekwa badala ya sehemu ya neodimiamu. Hao nao ni wenye miguu ardhini, wakaidi kuliko neodimiamu. Lakini kuna kodi ya kulipa. Neodimiamu inasimama pamoja na chuma, usumaku wao unajumlishwa; disprosiamu inasimama kinyume na chuma, kwa hiyo kila atomu yake inaongeza ushupavu na kupunguza nguvu. Viwanda vimejifunza kuipaka juu ya sumaku na kuipasha moto ili ipenye kwenye mipaka ya chembe tu, kwa kuwa kugeuka huanzia pembezoni mwa chembe. Napenda sana ubunifu huu, kwa sababu unaweka dawa penye kidonda. Kwa kuwa disprosiamu nyingi inatoka China, serikali ya China ilipoweka masharti ya kuuza nje metali adimu saba mwezi Aprili 2025, disprosiamu na terbiamu zikiwemo, watengenezaji wa mota duniani kote walihangaika. Jirani zenu wa Songwe wana akiba kubwa ya madini adimu pale Ngualla, lakini utajiri wake ni neodimiamu na praseodimiamu. Ya kuleta ushupavu kwenye joto bado itabidi itafutwe kwingine.

Ipo pia aloi ya samariamu na kobalti, iliyotangulia kuliko hii. Joto la Curie lake linapita nyuzi 700, na nguvu yake hupungua kwa asilimia 0.04 hivi tu kwa kila nyuzi, kwa hiyo inatumika kwenye injini za ndege na vyombo vya angani. Inapasuka kama kigae na bei yake haifai kwa bodaboda. Wala si bahati kwamba dunia iliiacha: mapigano ya Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti huko Katanga, Kongo, mwaka 1978 yalipandisha sana bei ya kobalti, na watafiti wakakazana kutafuta sumaku ya chuma. Miaka michache baadaye Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakaipata hii ya neodimiamu.

Kwa mteja wako, ukishabadilisha, punguza kikomo cha mkondo kwenye kontrola kama inaruhusu, na ufunge sensa ya joto kwenye koili ikate umeme kabla ya nyuzi 120. Mwambie magunia mawili mlimani ayapande kwa awamu, na asimwagie mota maji ikiwa ya moto, kwa sababu maji yataingia ndani na kutu itamalizia kilichobaki. Usimruhusu aendelee na hii ya sasa kwa kusema bado inatembea. Kawaida pigo la kwanza la joto ndilo linalogeuza chembe nyingi, na likirudi joto lilelile na mkondo uleule hazigeuki nyingine nyingi. Shida ni kwamba mota yake sasa inavuta mkondo mkubwa zaidi na kupata moto zaidi kwenye mlima uleule, kwa hiyo kila safari inasukuma mbali kuliko iliyopita.

Na mota mpya ikishafungwa, kabla haijatoka kwenye karakana yako, izungushe kwa lile tairi la pili, pima zile volti, uziandike kwa rangi ndani ya kifuniko pamoja na kasi na tarehe. Siku atakaporudi akilalamika, hutahitaji kutafuta pikipiki nyingine ya kulinganisha.